Daraja la Gatirari

Barabara ya kutoka Karurumo kuteremkia kambi ya homugadi ya Kathera ilichimbwa na wanawake. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Wanaume wengi wa mtelemko ule walikuwa kizuizini Manyani, wachache walikuwa msituni wakipigana, na waliobaki walikuwa wamepewa na serikali bunduki na makoti marefu wawe homugadi. Serikali ilipotaka malori ya askari yafike nyanda kavu za chini bila kuzunguka, mikono iliyopatikana ilikuwa ya wanawake.

Wambeti alikuwa mmoja wao. Mumewe, Runji, alikuwa fundi wa nguo pale sokoni Karurumo hadi mapema mwaka wa hamsini na nne, alipokamatwa kwa kusemekana kuwa anawashonea watu wa msituni makoti. Cherehani yake ilichukuliwa pamoja naye. Miezi michache baadaye nyumba zote za mtelemko zikabomolewa, na Wambeti akahamia kijiji kipya kilichozungushiwa handaki, yeye na bintiye Celina, na wifi yake Njoki. Njoki alikuwa mdogo wake Runji, msichana mrefu, mwepesi wa kubishana, ambaye hakuwahi kukubali kwamba mzigo wa mwenzake ni mzito kuliko wake.

Kila asubuhi filimbi ililia na wanawake wakatoka na majembe, sururu na makarai. Nyapara wao aliitwa Gitari. Alijifunza kazi ya barabara jeshini, Abisinia, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alijua kusoma mteremko wa maji kwa kutazama tu majani yalivyolala. Alikuwa na fimbo. Hakuitumia sana, lakini hakuiacha nyumbani.

Pesa za barabara zilikuwepo. Wengi walidhani hazipo kwa kuwa hawakuziona. Kulikuwa na fungu la Hali ya Hatari lililotoka Nairobi, na ndani yake mlikuwa na mshahara wa Gitari, petroli, kodi ya malori, baruti ya kupasulia miamba na mabomba ya saruji ya kupitishia maji chini ya barabara. La wachimbaji halikuwemo. Kazi yao iliitwa kazi ya jamii, na kazi ya jamii hailipwi. Anayeikosa ndiye hulipa.

Katikati ya njia barabara ilivuka kijito cha Gatirari. Wakati wa kiangazi mbuzi alikivuka bila kulowesha tumbo. Mvua iliponyesha juu, Kyeni na kupanda mlimani, maji yalishuka mekundu na mawe ndani yake, na hata ng'ombe dume hakuthubutu. Mzungu aliyesimamia barabara za upande ule, ambaye wanawake walimwita Bwana Barabara tu, alikuja akapigilia vigingi vyekundu kwenye kingo zote mbili. Alisema daraja litakuwa la saruji, na chini yake vyuma viwili vinene. Vyuma hivyo vilifika kweli. Vililala Runyenjes kando ya njia kwa muda, watu wakavikalia kama mabenchi.

Kisha mapigano yakazidi kule juu, ukingoni mwa msitu, na serikali ikataka barabara nyingine iende huko upesi. Vyuma vikapakiwa vikaenda. Saruji nayo ikaenda. Gatirari ikapewa magogo manne ya mkaratusi, yakalazwa kutoka ukingo hadi ukingo na mbao zikapigiliwa juu.

"Ni ya muda tu," Gitari aliwaambia wanawake, kana kwamba walikuwa wameuliza.

Masika ya mwaka wa hamsini na sita yalipopita, Gitari mwenyewe aliingia chini ya daraja na kutoka na kipande cha gogo mkononi, kimelainika kama ugali baridi. Siku hiyo Wambeti na Njoki walikuwa kijitoni, maji yakiwafika magotini, wakiondoa matawi yaliyonasa. Bwana Barabara alikuja na gari lake dogo akasimama ukingoni. Gitari akamwonyesha kile kipande.

"Bwana, gogo la upande wa chini limeanza kuoza. Naomba vyuma vyetu virudi. Kama si vyuma, basi magogo mapya na fundi."

Mzungu alikitazama bila kukishika.

"Pesa hapana," alisema kwa Kiswahili chake. "Pesa yote nakwenda msituni. Wewe ngoja mwaka mpya."

"Na mvua ya Novemba, bwana?"

"Ngoja."

Wambeti alikuwa amesoma hadi darasa la tatu kwa Wamisheni, na Kiswahili kile hakikuhitaji hata darasa hilo. Njoki alimtazama akabetua midomo. Wakaendelea kuondoa matawi.

Lori lililobeba mawe ya barabara lilikuwa la Ogle, Msomali wa Majengo, Meru. Baba yake aliingia Meru na ng'ombe wa biashara zamani, akafia hapo, na Ogle alizaliwa katika vyumba vya kupanga nyuma ya msikiti. Alikuwa mwembamba, wa makamo, mwenye ndevu zilizotiwa hina. Jumatatu alikuja na pasi yake mfukoni akivuka mto Thuci, akalala Karurumo nyuma ya duka la rafiki yake, na Alhamisi akarudi ili Ijumaa imkute nyumbani kwa mkewe Waris. Lori ndilo lililokuwa shamba lake. Alilipangusa vumbi kwa kitambaa kila aliposimama, hata kama alisimama ili apakie vumbi jingine.

Ogle hakuvuka Gatirari hata mara moja bila kushuka. Alitembea juu ya mbao akizikanyaga kwa kisigino, akainama akachungulia chini, akapanda tena, akavuka polepole mlango ukiwa wazi ili aweze kuruka.

"Mzee, hii gogo ya chini imekufa," alimwambia Gitari wiki moja mvua za Novemba zilipoanza. Wanawake walikuwa wameketi kando wakila viazi vya kuchoma. "Mimi napita na mawe nusu. Mawe mingi, wallahi, tunaanguka."

"Najua," Gitari alisema. "Nimeshasema Embu."

"Wanasema nini?"

"Wanasema ningoje."

Ogle alicheka kidogo. "Wao wangoje hapa chini ya daraja, mimi nipite juu."

Njoki alicheka kwa sauti, na Gitari akageuka akamtazama mpaka akanyamaza.

Siku ambayo daraja lilivunjika ilikuwa Jumatano. Walikuwa wakifanya kazi ng'ambo ya kijito, upande wa kambi, na mvua ilinyesha tangu saa sita. Njoki alikuwa na homa tangu asubuhi. Alikuwa ameomba ruhusa abaki nyumbani. Homugadi wa langoni akamwambia kila mtu ana homa msimu wa mvua. Ilipofika alasiri alikuwa ameketi chini ya mti akitetemeka, jembe limelala mapajani. Kafyu ilikaribia. Aliyekutwa nje ya handaki baada ya king'ora angeweza kupigwa risasi, na wenye kuuliza maswali baadaye hawakuwa wengi.

Gitari alimwambia Ogle awapakie wanawake wote nyuma, awafikishe kijijini.

Ogle alikuwa ameshapakia mawe ya siku iliyofuata. Alitazama kijito, akatazama mbingu.

"Hapana, mzee. Watu watembee. Mimi nalaza gari hapa."

"Ukililaza hapa watu wa msituni watalichoma, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Basi nishushe mawe."

"Saa hizi? Ukimaliza kushusha king'ora kitakuwa kimelia zamani. Vuka, Ogle. Umevuka asubuhi."

"Asubuhi ilikuwa kavu."

Walibishana hivyo, mvua ikiwapiga wote wawili usoni. Mwishowe wakakubaliana nusu kwa nusu, kama watu wanavyokubaliana wanapoishiwa na wakati. Wanawake wangevuka kwa miguu kwanza. Lori lingefuata. Wambeti akamshika Njoki mkono amwinue, lakini magoti ya Njoki yakakataa.

"Nitapanda," Njoki alisema. "Niache. Nitapanda na mawe yako, Ogle, na usiponifikisha nitakudai."

Ogle alisita. Alimtazama Gitari, na Gitari hakusema kitu. Akamfungulia mlango wa mbele, lakini kiti cha upande ule kilikuwa na pipa la petroli, na Njoki tayari alikuwa ameshika ubao wa nyuma akijivuta juu. Akaketi juu ya mawe, amejifunika gunia kichwani.

Wanawake walivuka wameshikana mikono, maji yakiramba mbao. Wambeti alikuwa amefika ukingo wa pili alipogeuka. Lori lilikuwa katikati. Hakusikia gogo likivunjika kwa sababu ya mngurumo wa maji. Aliona tu gurudumu la nyuma likizama taratibu, na lori likilala ubavu bila haraka, kama ng'ombe anayeketi. Mawe yakamwagika kwanza. Njoki alikuwa katikati yake.

Ogle aliruka, akavunjika mkono, akarudi majini na ule uliobaki. Gitari naye aliingia na koti lake. Walimtoa Njoki pamoja, akiwa ameshafariki. King'ora kililia wakiwa bado ukingoni, na siku hiyo hakuna aliyepigwa risasi.

Walimzika kesho yake nje ya handaki, mahali palipoonyeshwa na chifu. Wambeti aliomba aandikiwe barua kwa Runji. Akaambiwa barua za habari mbaya hazipelekwi Manyani, zinawachafua watu roho.

Kabla Krismasi haijafika ilijulikana kwamba Embu kutakuwa na baraza la kuchunguza mkasa huo. Kama lisingekuwa lori la mkataba wa serikali, huenda baraza hilo lisingekuwepo. Lakini lori lilikuwa na bima, bima ilikuwa na watu wake, na watu hao walitaka kujua kosa ni la nani.

Gitari alimjia Wambeti Jumapili, baada ya ibada. Alimkuta akichambua maharagwe mlangoni. Hakuwa na fimbo. Wambeti alimpa kigoda, naye akakaa na kukunja mikono yake mikubwa kati ya magoti.

"Mama Celina, nimekuja kwa jambo la Embu."

"Nilijua utakuja."

"Watakuita. Wewe ni jamaa ya marehemu na ulikuwa pale." Alitazama maharagwe. "Watakuuliza dereva aliendaje. Kama alienda mbio, hilo ni kosa la dereva. Kama aliambiwa awashushe watu wote na akakataa kumshusha mmoja, hilo pia ni la dereva."

"Hakuenda mbio."

"Yule si mtu wa hapa. Atarudi Meru, atapewa lori jingine na ndugu zake. Wale husaidiana."

"Na wewe?"

"Mimi nina watoto sita. Wakisema daraja lilikuwa bovu, swali litakalofuata ni nani alijua. Mzungu hatasema ni yeye."

Wambeti aliendelea kuchambua. Gitari alingoja, kisha akasema lile alilojia, na alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kidogo.

"Kamati ya kijiji inaulizwa ni akina nani warudishwe nyumbani. Chifu yumo, mimi nimo. Jina la Runji liko mezani. Hakuna anayelipinga sasa hivi."

"Sasa hivi."

"Ndiyo."

"Unaniuzia mume wangu kwa wifi yangu, Gitari?"

"Siuzi mtu. Njoki hatarudi. Runji anaweza kurudi."

Alipoondoka Wambeti alibaki na ungo mapajani. Alikuwa hamchukii Gitari kama alivyotarajia. Alikuwa amemwona akiingia majini na koti. Alikuwa amemwona pia akinyamaza Njoki alipokuwa akipanda. Kwa siku nyingi aliyapima mambo hayo mawili, na la tatu likiwa Runji, na kila alipoyapima yalitoka tofauti. Hakumwuliza mtu ushauri. Kijijini mle, mtu akimshauri mwenzake, kamati huwa imeshasikia.

Baraza lilikaa Embu mwezi wa Januari, katika chumba chenye madirisha ya waya. Palikuwa na ofisa Mzungu aliyekuwa mwenyekiti, mwingine wa bima, na karani aliyeandika. Bwana Barabara aliketi pembeni amepishanisha miguu. Ogle alikuwa benchi la mbele, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, na nyuma yake waliketi wazee wawili wa Majengo waliokuja kumsimamia. Gitari alikuwa benchi hilo hilo, mwisho kabisa.

Mkalimani aliitwa Muriithi, kijana wa Embu aliyevaa tai. Alimwapisha Wambeti kwa Biblia, kisha maswali yakaanza, yakipita kwa Kiingereza hadi Kiembu na kurudi.

"Dereva alikuwa akienda mbio?"

"Hapana. Alienda polepole. Yeye huenda polepole siku zote pale."

"Kwa nini siku zote?"

"Kwa sababu gogo lilikuwa limeoza."

Benchi likalia kidogo mahali alipokuwa Gitari. Ofisa akaandika.

"Dereva alijua gogo limeoza, na bado akavuka akiwa na mtu nyuma?"

"Alikataa kuvuka. Nyapara akamwambia avuke kwa sababu ya kafyu. Wakabishana. Sisi tukavuka kwa miguu. Njoki alikuwa mgonjwa, hakuweza kutembea, akapanda mwenyewe. Dereva angeweza kumkataza. Nyapara angeweza kumkataza. Mimi pia ningeweza. Hatukumkataza."

Muriithi alitafsiri. Ofisa alimtazama Wambeti kwa mara ya kwanza, kisha akamtazama Gitari.

"Kwa hiyo nyapara alijua daraja ni bovu na hakulitolea habari?"

Hapo ndipo ingekuwa rahisi kunyamaza. Gitari alikuwa ameinamisha kichwa, akingoja, na Wambeti hakuwa na deni lolote kwake.

"Alitoa habari," Wambeti alisema. "Nilikuwa hapo, mimi na marehemu, tukisafisha kijito. Alimwonyesha yule bwana pale gogo lililooza, akaomba vyuma virudishwe. Yule bwana akamwambia pesa zote zimeenda msituni, angoje mwaka mpya."

Muriithi hakutafsiri. Alimwinamia, akasema kwa Kiembu, haraka, "Mama, hilo nalo nitafsiri?"

"Tafsiri."

"Ukilisema halirudi."

"Mbona Njoki naye harudi? Tafsiri."

Muriithi alinyoosha tai yake, akatafsiri. Karani alisimamisha kalamu na kumtazama ofisa ili ajue kama aendelee. Bwana Barabara alishusha mguu wake. Akasema jambo refu kwa Kiingereza, bila hasira, kama anayemweleza mtoto. Muriithi hakulitafsiri hilo, kwa kuwa halikuelekezwa kwa Wambeti, ila baadaye nje alimweleza kwa kifupi: bwana yule alisema ni kweli. Alisema fungu lilikuwa moja na barabara zilikuwa mbili, na aliagizwa na wakubwa wake kwamba iliyo muhimu ni ile inayopeleka askari kwenye risasi. Hii ya Gatirari haikuwa hata katika orodha ya barabara za wilaya. Ilikuwa njia ya vita, na vita vikihama pesa huhama navyo.

"Hakukana?" Wambeti aliuliza.

"Hakukana. Kwa nini akane? Hakuiba."

Matokeo yalisomwa mwezi uliofuata. Baraza liliona kwamba mafuriko ndiyo yaliyoleta mkasa, na hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Ogle alibaki na leseni yake, lakini mkataba wake wa mawe haukuongezwa, na hakuonekana tena Karurumo. Mzee mmoja wa Majengo alimletea Wambeti kanga mbili na sukari kutoka kwa Waris, akaondoka bila kunywa chai. Gitari aliondolewa unyapara. Hakufungwa, na alirudi kulima. Walipokutana njiani waliamkiana. Aliwahi kumwambia mara moja tu, "Ulisema yote," na Wambeti hakujua kama alikuwa akimshukuru au akimlaumu. Pengine hata yeye hakujua.

Barabara ilifungwa. Shina la mti lililazwa mwanzo wake, na kwa kuwa askari walikuwa wamepungua, hakuna aliyekuja kuliondoa. Nyasi zikaota katikati.

Jina la Runji halikusomwa mwaka huo.

Alirudi katikati ya mwaka wa hamsini na nane, amekonda, masikio yake yakionekana makubwa. Lori la magereza lilimshusha Karurumo, akatembea. Habari za Njoki alizipata njiani kwa mtu aliyedhani Runji anazijua tayari. Alipofika alimpa Celina mkono kama mgeni, akaketi, akamwambia Wambeti amweleze.

Wambeti alimweleza. Hakuruka habari ya Gitari kuja Jumapili, wala jina lililokuwa mezani.

Runji alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ningerudi mwaka jana."

"Huenda."

"Unajua mwaka mmoja ni nini kule?"

"Sijui."

"Ndiyo. Hujui."

Alihamia kwa binamu yake, nyumba ya tatu kutoka hapo, akakaa huko hadi mavuno yakapita. Alikuja kula mara nyingine, akamfundisha Celina kusoma saa, lakini hakulala. Wanawake wengine walisema Wambeti alikosea. Waume zao walikuwa wamerudi mapema. Wengine walisema hakukosea, lakini walilisema wakiwa naye peke yao. Mwenyewe aliulizwa mara moja kisimani kama angerudia, akajibu kwamba hajui, kwamba siku ile alijikuta hawezi kusema jambo jingine. Aliinua mtungi wake akaondoka.

Siku moja Runji alirudi na blanketi lake. Wambeti alilitwaa akalitandika.

Mwishoni mwa mwaka huo kafyu ilikuwa imeondolewa na watu walikuwa wamerudi kulima chini, ng'ambo ya Gatirari, ambako maharagwe na nyonyo za mafuta hustawi. Mazao yakawa yanaozea huko mvua ikinyesha. Mtu wa halmashauri ya wilaya alikuja akafanya baraza sokoni. Jina lake lilikuwa Kiogora, Mmeru aliyesomea shuleni Kagumo, na alisema waziwazi. Fungu la Hali ya Hatari limekwisha. Serikali itatoa nusu ya gharama ya daraja ikiwa wananchi watatoa nusu nyingine, kwa ushuru mdogo utakaokatwa kwenye kila gunia litakalouzwa. Daraja likijengwa kwa njia hiyo, barabara itaingizwa katika orodha ya wilaya, na kila mwaka itakuwa na fungu lake la matengenezo.

Runji alisimama. Hakuwa msemaji, na watu waligeuka kumtazama.

"Barabara hiyo dada yangu aliichimba bure na ikamwua," alisema. "Sasa mnataka tuinunue. Mimi sitoi hata punje moja."

Wengi waliitikia. Kiogora alifungua mdomo kujibu, lakini Wambeti alikuwa ameshasimama upande wa wanawake. Si jambo lililofanyika mara nyingi, mke kusimama baada ya mumewe.

"Mimi pia niliichimba," alisema. "Na nalima ng'ambo, kama nyinyi. Ushuru nitatoa. Lakini nataka kuuliza. Mkishakusanya pesa, atakayechimba atalipwa, au itaitwa tena kazi ya jamii?"

Mzee mmoja, Mithika, alicheka. "Wanawake walipwe kwa kushika jembe?"

"Gitari alilipwa kwa kushika fimbo," Wambeti alisema. Gitari, aliyekuwa nyuma kabisa, alitazama miguu yake, na kicheko kikahamia upande wa pili.

Kiogora alisema atalipeleka swali hilo. Alirudi baada ya mwezi na jibu. Wote watalipwa, ila wanawake pungufu kidogo ya wanaume. Kwa nini pungufu, hakueleza. Wambeti aliandikisha jina lake siku ya kwanza.

Njiani kurudi Runji alitembea mbele yake. Walipofika langoni, ambapo sasa hapakuwa na lango, alisema, "Ulinipinga mbele ya watu."

"Nilikupinga."

"Hata Manyani hawakunipinga hivyo." Akapiga hatua chache. "Mzee Mithika alifikiri ataanguka kwenye kiti."

Wambeti aliangalia kando ili asicheke.

Daraja lilijengwa kiangazi kilichofuata. Vyuma vilitoka Thika, vipya, na fundi alitoka Embu. Runji hakwenda. Alikuwa amepata cherehani kuukuu ya kukodi na aliketi barazani pa duka akishona sare za shule. Wambeti alikwenda kila siku, akachota maji na mchanga, na jioni ya malipo alijipanga mstarini kama wengine, akaweka dole gumba ingawa alijua kuandika, kwa kuwa karani alikuwa na haraka.

Siku ya kumwaga saruji ya juu, Runji alitokea. Alikuwa amevaa koti lake na kofia. Alisimama ukingoni akawatazama watu wakipita na makarai, kisha akamwita Wambeti kando.

"Nionyeshe."

Wambeti alimwonyesha. Mahali alipofia Njoki palikuwa chini ya nguzo ya upande wa kambi, ambako maji ya kiangazi yalipita yakiwa membamba, na mawe mengine ya lori la Ogle yalikuwa bado yamelala, hayakutofautiana na mengine. Runji alishuka akasimama hapo. Hakukaa sana. Alipopanda alikuwa ameloa viatu.

"Palikuwa na maji mengi?" aliuliza.

"Mengi sana."

Juu fundi alikuwa akipiga kelele kwamba saruji inakauka, maji yako wapi. Wambeti alichukua debe lake akashuka kijitoni. Runji alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe kavu. Akatafuta debe jingine, akalipata, akashuka nyuma yake.